Mguu wa Mama Mkwe

Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu, katika mwaka wangu wa mwisho kazini, madaktari wa hapa Kalemie walimkata mama mkwe wangu mguu wa kulia, juu ya goti. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kufikia saa saba mguu ulikuwa umekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba ya kaka yake, na mimi nilikuwa nimerudi kwenye meza yangu, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyesubiri mkanda.

Sasa mama mkwe naye hayupo. Alifariki mvua hizi, kwake Nyunzu, kwa ugonjwa wa sukari uleule uliomchukua mguu. Jina lake sitaliandika. Sikulitamka alipokuwa hai, na sioni sababu ya kuanza leo.

Faida, wewe na wenzako mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Nimeona niandike mengi kwa ufupi na jambo moja kwa urefu. Siku ya kuagana tulikunywa soda pale biro, ofisini kwetu, mkasema kwamba mimi, Papa Sifa, sijawahi kuharibu mguu wa mtu. Nilinyamaza. Kunyamaza kule kumenisumbua kuliko mgongo, na mgongo unanisumbua sana.

Nilianza kama fundi viatu sokoni. Shule niliishia darasa la sita. Nilikuwa na wateja wawili wenye mguu mmoja mmoja, huyu wa kushoto, yule wa kulia, na kwa muda mrefu nilikuwa na wazo la kuwauzia jozi moja wagawane. Nilipowapima, mmoja alivaa namba arobaini, mwenzake arobaini na tatu. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza katika kazi hii, hata kabla sijaijua: miguu hailingani, hata pale ambapo kulingana kungekuwa rahisi kwa wote.

Siku moja alikuja mzee mmoja mwembamba, mikono imejaa chokaa, akaniletea mkanda wa ngozi uliokatika. Nikaushona akiwa amesimama. Aliuvuta, akaugeuza, akauvuta tena.

"Nani alikufundisha kushona hivi?"

"Njaa, Papa."

"Njaa inafundisha muzuri. Kesho uje atelie."

Huyo ndiye Papa Mulongo, mwalimu wangu. Alikuwa seremala wa reli kabla ya kuanza kutengeneza miguu. Atelie, yaani karakana yetu, wakati ule ilikuwa chumba kimoja chenye mlango usiofungika, oveni moja, na miguu ya watu imening'inia ukutani kama nyama ya kukausha. Siku ya kwanza nilidhani atanipa sindano. Alinikalisha kwenye kiti, akaniambia nivue suruali, akanipa beseni la maji na bandeji za plasta.

"Ujipime paja lako mwenyewe," alisema. "Ukitaka kujua kama mukono wako ni muzito, uanze kwako."

Nilijipima. Plasta ilipokauka ilishika na nywele zote za paja, na kuitoa kulinichukua muda ambao sitausahau. Papa Mulongo aliendelea kupiga faili, ile tupa ya kulainishia, akicheka bila sauti. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wangu nilimpaka mafuta kwanza. Mambo mengine hayahitaji kitabu.

Kwa wale wapya ambao watasoma hili bila kujua kazi, nieleze kidogo. Mguu wa bandia una vitu vitatu: kikombe, yaani sehemu inayomeza kigutu, goti, kama mtu amekatwa juu ya goti, na unyayo. Goti na unyayo hutoka kwenye sanduku, na mtu yeyote anaweza kufungua sanduku. Kikombe hakitoki popote ila mikononi. Unafunga kigutu kwa bandeji ya plasta, na kabla haijakauka unashika pale panapotakiwa. Kwa aliyekatwa juu ya goti, panapotakiwa ni mfupa wa kukalia. Kiganja kimoja kinakaa chini ya mfupa huo, kinatengeneza rafu ndogo, na mtu atakapotembea uzito wake utakaa juu ya rafu hiyo. Mkono mwingine unabonyeza mbele, chini kidogo ya nyonga, ili mfupa usiteleze. Unashika hivyo mpaka plasta iwe ngumu. Kisha ganda hilo unalijaza plasta, na juu ya umbo linalotoka unavuta plastiki ya moto: hicho ndicho kikombe. Ukikosea rafu, uzito unashuka kwenye nyama, na nyama haikuumbwa kubeba mtu.

Papa Mulongo hakupenda kuuliza wagonjwa kama wanaumia. "Mutu anakuja hapa amevaa muzuri, ameoga, anataka kukufurahisha," alikuwa akisema. "Atakuambia hapana, haiumi. Weka mukono." Alikuwa na penseli moja ya rangi ya zambarau, ile ambayo ikilowa inaacha alama kwenye plasta. Alichora mifupa kwa penseli hiyo kabla ya kufunga bandeji. Alipokufa, penseli ilikuwa imebaki kipande cha ukubwa wa jino. Familia yake ilinipa msumeno na timazi. Penseli sikuiona tena, nadhani watoto waliichukua.

Yalikuwepo makosa ya kuchekesha. Papa mmoja wa Kabalo, mfanyakazi wa treni, alikuja kupimwa akiwa na viatu vya Jumapili, vya kisigino. Nikamsimamisha navyo, nikanyoosha mguu kwa timazi mpaka ukawa kama mlingoti. Alirudi Kabalo. Baada ya mwezi akanitumia ujumbe kwamba mguu unamwangusha chali. Nilipanda treni kwenda kumwona. Nilimkuta pekupeku kwenye mchanga.

"Papa, viatu viko wapi?"

"Viatu? Ni vya misa, Papa Sifa. Nilivivaa kwa heshima yako."

Bila kisigino mguu mzima ulikuwa unalalia nyuma. Tangu hapo kila mgonjwa nilimuuliza kwanza anatembea na nini siku ya Jumanne. Kijana mmoja mchimbaji wa Manono alivunja nyayo tatu kwa kubeba magunia, na kila mara aliniapia kwamba alikuwa anatembea tu, tena polepole. Nilimwekea wa nne, nikamwambia huu ni wa kubeba magunia. Haukuvunjika. Nadhani alipopewa ruhusa utamu ulimwisha.

Sasa nifike kwa mama mkwe.

Mimi ni mtu wa ziwa. Kwetu mama mkwe anaheshimiwa, lakini mtaketi pamoja, mtakula samaki wa sahani moja, na akitaka atakutania. Kwao mke wangu sivyo. Siku ya ndoa wazee wao waliniambia mbele ya mashahidi: kuanzia leo huyu ni mkwe wako. Huli mbele yake. Humwiti jina. Humtazami machoni, humgusi mkono, hukai alipokaa yeye. Anachotaka kukuambia atampa mtoto wake, na mtoto wake atakupa wewe. Nilikubali. Miaka ishirini na tisa nilishika ahadi hiyo, na sikuiona nzito, kwa sababu yeye alikuwa Nyunzu na mimi Kalemie.

Kidonda kilianza kwenye kidole, kwa mwiba wa shambani. Watu wenye sukari hawasikii mwiba. Alipoletwa kwa pikipiki mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye ugoko.

Baada ya kukatwa alikaa kwa kaka yake, Papa Kasongo, mjomba wa mke wangu, hapa mjini. Kwangu asingeweza kulala: mkwe halali chini ya paa la mkwe. Kwa Papa Kasongo vyumba ni viwili na watu ni kumi na mmoja. Mama mkwe alilala kwenye mkeka karibu na mlango, na kila aliyekwenda chooni alimruka. Alikuwa mtu aliyeishi peke yake na shamba la mihogo, mwenye nyumba yake na moto wake. Nyumba isiyotoa moshi watu huanza kuigawana kwa macho. Alijua hilo. Watoto wa kiume walimwambia watamkodia pikipiki imrudishe, kisha watambeba mpaka ndani.

"Sitaingia Nyunzu juu ya mugongo wa mutu," alimwambia mke wangu. "Nilitoka na miguu miwili. Nitarudi na miwili, au nitakufia hapa mulangoni kwa Kasongo, munirukeruke vizuri."

Basi alihitaji mguu. Na wa kupima miguu ya juu ya goti hapa Kalemie tulikuwa wawili tu: wewe, Faida, na mimi. Wewe ulikuwa umekwenda mafunzoni, na ungerudi mwezi wa kumi na moja. Desturi ileile iliyomfanya asiweze kukaa kwangu ndiyo iliyonikataza kumsaidia kuondoka. Mtu wa mbali anaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, siku ya kwanza.

Mke wangu ndiye aliyesema: "Nitamupima mimi. Wewe utaniambia."

Pale atelie tulifunga kikwembe, kitenge cha mke wangu, kwenye kamba, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la soksi za kuvisha vigutu. Upande wa pili mama mkwe alisimama kati ya vyuma viwili vya kujishikilia, na mke wangu akapiga magoti kando yake na beseni. Mimi nilisimama upande huu, nikitazama maua ya kikwembe.

"Mwambie avute pumzi," nilisema.

"Mama, eti uvute pumzi."

"Nimesikia. Walinikata mguu, si sikio."

"Mwambie uzito auweke kwa mguu muzima."

"Mama, uzito kwa mguu muzima."

"Na ningeuweka wapi? Ule mwingine uko kwa udongo."

Mke wangu alicheka, bandeji ikamponyoka, tukaanza upya. Kisha nikafika pale nilipokuwa naogopa kufika. "Sasa tafuta mfupa wa kukalia. Uko nyuma, chini ya tako."

Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mama mkwe, na sasa lilikuwa limevuka pazia, haliwezi kurudi.

"Umeupata?" niliuliza.

"Niko naupata."

"Weka kiganja. Bonyeza."

"Nabonyeza."

"Kwa nguvu, Mama Sifa. Kama unakanda mikate."

"Ni mama yangu," alisema mke wangu, polepole.

Plasta ilikauka ikiwa na mkono wa binti.

Waliponipa ile plasta niliingiza vidole ndani. Pale ambapo rafu ya mfupa inakaa palikuwa laini kama ndani ya chungu. Hapo ndipo nataka msome polepole. Niliona. Nilijua wakati uleule kwamba plasta ni mbaya. Papa Mulongo angeitupa chini ivunjike, akasema rudia. Mimi sikuivunja. Kuivunja kungekuwa kuwarudisha wote wawili nyuma ya kikwembe, na mimi kulitamka tena lile neno, na kumwambia mke wangu kwamba hakumshika mama yake vya kutosha. Nikaijaza, nikachukua faili, nikachonga rafu kwa kukisia, nikikumbuka wanawake wengine wa umri wake na mwili wake. Nilichonga vizuri. Ilikuwa rafu nzuri sana ya mtu mwingine.

Goti nalo nililichagua bila kumuuliza. Mguu ulipokwisha alisimama kati ya vyuma, akaenda, akarudi. Nilimtazama kwa nyuma, kwa mbali, kama mtu anayetazama jambo jingine.

"Muulize kama inauma."

"Mama anasema iko muzuri."

Baada ya wiki moja niliuliza tena. Iko muzuri. Baada ya wiki mbili, iko muzuri sana, anatembea mpaka kwa jirani, anauliza treni ya Nyunzu inaondoka lini. Mgonjwa mwingine yeyote ningemwambia avue, niweke mkono. Yeye nilikubali jibu lake. Lilinifaa.

Mke wangu ndiye aliyegundua. Soksi ya kigutu mama mkwe alikuwa anaifua mwenyewe, alfajiri, kabla watoto hawajaamka, na kuianika ndani chini ya kikwembe. Siku moja mke wangu alifika mapema, akaikuta kwenye ndoo, maji mekundu. Alimlazimisha alale, akamfunua. Ndani ya paja, juu kabisa, palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kizibo cha soda, na alikuwa amekijaza majivu.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na ulikuwa unasema iko muzuri!"

"Ulitaka nimwambie nini mukwe wangu? Kwamba inaniuma wapi? Nimutajie?"

Hospitalini daktari aliwaambia wazi. Kwa mwenye sukari kidonda kama hicho kinaweza kupanda. Kikipanda, watakata tena, kwenye nyonga. Na mguu wa kuanzia nyonga, kwa mama wa umri wake, hapa kwetu hakuna anayetengeneza. Angerudi Nyunzu mgongoni.

Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Kwa wiki saba nilikwenda kazini, nikatengeneza miguu ya watu, na jioni niliuliza habari moja tu: kimefunga? Ule mguu wa kwanza niliutundika ukutani juu ya meza yangu. Mliokuwepo hamkuniuliza kwa nini. Ulikuwa unapendeza kuutazama, na nadhani mlidhani ni mfano wa kufundishia. Ulikuwa mfano wa kufundishia.

Kilipofunga, nilikwenda kwa Papa Kasongo. Nilimkuta uani na dada yake mdogo, mama mmoja mnene anayeitwa Mama Zaina, wakichambua maharagwe. Mama mkwe alikuwa ndani, kwenye mkeka wake, mlango wazi, mimi nimeupa mgongo. Nikawaambia kila kitu. Kwamba plasta ilikuwa mbaya na niliona. Kwamba nilichonga kwa kukisia. Kwamba nilipoambiwa iko muzuri, sikuamini, na nilijifanya naamini.

Papa Kasongo alirudisha maharagwe kwenye ungo. "Sasa unataka nini?"

"Nataka nimupime mwenyewe. Au tungoje, mwezi wa kumi na moja anarudi binti mmoja tunafanya naye kazi, anajua kupima vizuri. Ninyi muamue."

Kwao desturi hiyo ina namna ya kufunguliwa, kwa zawadi. Tatizo likawa ni zawadi gani.

"Kuku ni ya kula pamoja," alisema Papa Kasongo. "Ukileta kuku, mutakula sahani moja. Kikwembe ni ya kumuuguza, ukimukuta ameanguka. Kwa paja..." Alifikiri. "Kwa paja hakuna mutu aliwahi kuuliza."

"Nani angeuliza?" alisema Mama Zaina. "Mutu wa namna gani?"

"Huyu hapa anauliza."

"Basi kuku mbili."

"Kuku mbili ni kula mara mbili, Zaina."

"Mbuzi, basi."

"Mbuzi ni ya kosa. Yeye hajakosa, amekuja kuomba kazi."

"Amekosa," ilisema sauti ya mama mkwe kutoka ndani. "Alete mbuzi."

Mama Zaina aliziba mdomo kwa kikwembe, mabega yakimtikisika.

"Na yule binti, tumungoje?" Papa Kasongo aliuliza kuelekea mlangoni.

"Yule binti sina neno naye. Lakini aliyeniumiza anajua aliniumizaje. Yeye ndiyo atengeneze."

Nikaleta mbuzi. Kabla ya kunipa ruhusa, Papa Kasongo aliweka mpaka: tunamfungulia fundi, alisema, hatumfungulii mkwe. Ni kwa kazi ya mguu tu. Siku mguu unakwisha, mbuzi naye amekwisha, kila mtu anarudi mahali pake.

Siku ya kupima hatukufunga kamba. Mama mkwe alijifunika kichwa na uso kwa kikwembe, akasimama kati ya vyuma. Mke wangu alikaa kwenye kiti kando, mikono mapajani, hana kazi. Nilipaka mafuta, nikavisha soksi, nikachora alama kwa penseli. Nikafunga bandeji. Nikaweka kiganja chini ya mfupa. Sikufikiri lolote la maana. Nilifikiri kwamba amekonda tangu rafu ile ya kwanza, na kwamba hata ile ningeipata sawasawa ingebidi kuichonga upya.

Ndipo aliponisemesha. Miaka ishirini na tisa, na ilikuwa mara ya kwanza.

"Papa Sifa. Mukono wako ni baridi."

"Ni maji, mama."

"Basi uyapashe moto. Wagonjwa wako wote unawafanyia hivi?"

"Wote, mama."

"Hm. Maskini."

Kisha alishusha mkono, akanishika kwenye kifundo cha mkono, akasogeza kiganja changu kuelekea ndani, upana wa vidole viwili.

"Hapa. Ndiyo hapa iliuma."

"Nimesikia, mama."

Nikashika hapo mpaka plasta ikakauka. Mke wangu alikuwa analia, lakini bila sauti, na sikugeuka, kwa sababu ukigeuka mkono unasogea.

Goti tulilichagua pamoja safari hii. Yapo ya aina mbili: linalokunjika lenyewe unapotembea, na la kufunga, ambalo linabaki limenyooka mpaka ulifungue kwa mkono. La kwanza lilikuwa la kukunjika. Nilidhani ni la kisasa zaidi, na nilitaka kumpa kitu kizuri.

"Lile linaniogopesha," alisema. "Linakunjika likipenda lenyewe. Nataka lisimame nikisimama, na nikikaa kupika likunjike."

"Basi la kufunga. Utavuta kamba hapa ubavuni ukitaka kukaa."

"Kamba ipite chini ya kikwembe. Nisijifunue mbele ya watu kila nikitaka kukaa."

Nilimshonea kitanzi cha ngozi, nikakipitisha kwenye mshipi wa kiunoni, akawa anakishika kupitia kwenye nguo bila mtu kuona. Huo ulikuwa ushoni wa sokoni. Ni kipande pekee cha mguu huo ninachojivunia. Vingine ni kazi.

Na safari hii alisema inauma. Alisema siku ya kwanza, akasema siku ya tatu. Inauma huku mbele. Inabana juu. Sasa inacheza. Mara tano alisema inauma, mara tano nilivua kikombe, nikapasha moto ukingo, nikapiga faili. Mara ya sita alienda na kurudi kati ya vyuma, kisha akatoka nje ya vyuma, akazunguka meza yangu, akatazama ule mguu wa kwanza ukutani.

"Huu uuvunje," alisema.

Niliuvunja akiwa anatazama. Unyayo na goti niliviweka sandukuni, kwa mtu mwingine.

Siku ya kukabidhi alikuja Papa Kasongo. Nilimfunga mama mkwe mshipi kwa mara ya mwisho, nikasimama. Akashusha kikwembe usoni, akageuza kichwa upande wa mke wangu. Mimi nilikuwa karibu kiasi kwamba kivuli changu kilikuwa juu ya kiatu chake.

"Mwambie mukwe wangu asante," alisema.

"Papa Sifa, mama anasema asante."

"Mwambie mama nimepokea."

Papa Kasongo akaitikia kwa kichwa, kazi ikawa imekwisha. Alirudi Nyunzu kwa treni. Sikwenda kumsindikiza, haikunihusu tena. Mke wangu alikwenda naye, na aliporudi aliniambia kwamba pale kituoni watoto wa kiume walikuja wanne kumbeba, na kwamba aliwapa mizigo.

Wewe, Faida, ulirudi mwezi wa kumi na moja. Mimi nilimaliza kazi mwezi uliofuata. Kabla ya kukabidhi funguo nilikuwa na wagonjwa sita wa kukagua kwenye njia ya reli, na jina la mama mkwe lilikuwa kwenye orodha, limeandikwa na mke wangu. Tulifika Nyunzu asubuhi, mvua imekatika. Mke wangu alibaki nyuma akisalimiana na watu wa nyumba ya kwanza, mimi nikatangulia.

Mama mkwe alikuwa uani, ameketi kwenye kiti kifupi, anamenya mihogo. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Alinyanyua macho akaniona njiani, nami nikainamisha yangu, lakini si kiasi cha kushindwa kuona. Aliweka kisu chini. Alivuta kikwembe juu ya kichwa, akajishikiza kwenye nguzo, akasimama, nikasikia goti likijifunga. Kisha akanipa mgongo, akaondoka haraka kuelekea nyuma ya jiko, kama inavyompasa mama anayemwona mkwe wake anakuja. Alitembea hatua kumi na moja. Hakuchechemea hata moja. Nilimngoja apotee kabisa nyuma ya ukuta, ndipo nikapiga hodi.